UCHAGUZI WA MSUMENO WA UMEME KWA MKATO SAFI

Mazungumzo kwa mafundi seremala, watumishi wa karakana na wananchi



Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo lakini lenye hasara kubwa, nalo ni mbao zinazoharibika katika kukatwa. Mkato ukichanika na vibanzi vikaruka, fundi hulazimika kuupunguza ubao au kuutupa, na mwenye mali hulipa mara mbili. Mvule au msaji huchukua miongo ya miaka kukua. Haifai uharibiwe kwa dakika moja.

Wengi hudhani kuwa usafi wa mkato hutokana na nguvu za mashine. Sivyo. Hutokana kwanza na diski ya meno. Kwa diski ya milimita 190, meno 24 yanafaa kwa kupasua ubao kwa kufuata nyuzi zake. Hukata upesi, ila huacha uso wenye mikwaruzo. Meno 40 ni ya kazi mchanganyiko. Kwa kukata kukingama nyuzi, na kwa plaiwudi, chagueni meno 60 hivi. Diski butu, hata ikiwa na meno mengi, huunguza ubao na kuuchana.

Pili, ni kuujua mwendo wa meno, kwani vibanzi hutokea pale jino linapotokea. Msumeno wa duara wa mkononi hukata kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo uso mzuri wa ubao na uelekee chini. Msumeno wa meza ni kinyume chake: uso mzuri huwekwa juu. Msumeno mwembamba wa kukata mapindo nao kwa kawaida hukata ukipanda, na haufai kutegemewa kwa mkato mrefu ulionyooka. Kwa mabamba makubwa ya plaiwudi, bora ni msumeno unaotembea juu ya reli yenye ukanda unaoubana ubao kando ya mkato.

Asiye na uwezo wa kununua reli asikate tamaa. Na achore mstari kwa kisu kikali ili nyuzi za juu zikatike kabla ya jino kufika, kisha aubane ubao imara na kuusukuma msumeno bila ya pupa.

Kabla ya kulipa, someni kibandiko cha mashine. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itaungua. Hakikisheni pia kwamba kasi iliyoandikwa kwenye diski haipungui kasi ya mashine, na kwamba kinga ya meno ipo na inafanya kazi.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vaeni barakoa na miwani.

Kwa ndugu zetu wa ununuzi maofisini: msiandike "msumeno mmoja" pekee. Tajeni aina yake, volti, kipenyo cha diski na idadi ya meno. Mstari mmoja wa maelezo huokoa mbao nyingi na fedha za umma.