Redio Isikiayo Lakini Haisemi
Mazungumzo kuhusu hitilafu za umeme katika boti ndogo za uvuvi, kwa wakazi wa kata za pwani ya Kilwa



Nahodha atokaye Somanga au Kivinje jioni huijaribu redio kabla ya kung'oa nanga. Akiiwasha inawaka, sauti za vyombo vingine zinasikika, naye huridhika. Usiku wa manane mashine inazimika, mkondo unaivuta boti kuelekea mwambani. Anabonyeza kitufe cha kusemea, na redio inazimika papo hapo. Akikiachia, inawaka tena. Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba hujificha ufukweni na kujitokeza pale tu msaada unapohitajika.

Mara nyingi redio yenyewe haina kosa. Redio ya baharini ya wati 25 inaposikiliza hutumia umeme mdogo, chini ya ampea 1; inaposema huhitaji ampea 5 au zaidi kidogo. Sasa kiungo kimoja cha waya kikishika kutu ya kijani na kuweka ukinzani wa nusu omu, wakati wa kusikiliza kitakula chini ya nusu volti, na hakuna atakayegundua. Wakati wa kusema kitakula volti 2.5. Betri yenye volti 12.4 itaifikishia redio volti 9.9, kiwango ambacho redio nyingi hushindwa kukistahimili. Betri ni nzima, redio ni nzima; mwizi yuko njiani.

Hapo ndipo fedha za wavuvi wengi hupotelea. Mwenye boti akiona taa zinafifia hununua betri mpya. Siku za kwanza mambo hunyooka, kwa kuwa alipoifunga alivikwangua vishikio vya nyaya, na sifa zote zikaiendea betri. Chumvi haichelewi kurudi.

Dawa ni kupima kabla ya kununua. Mita ndogo ya umeme, ile ambayo mafundi huiita testa, yatosha. Kwanza betri ya asidi ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika: volti 12.6 au zaidi kidogo ni betri iliyojaa, 12.2 ni takriban nusu, na chini ya 12 imekaribia kwisha. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haina kazi. Kwa hiyo taa zote ziwashwe, kisha ipimwe tena. Ikiporomoka upesi, betri ndiyo mgonjwa. Ikishuka kidogo tu na kutulia, msako uhamie kwenye nyaya.

Msako huo hauhitaji elimu kubwa. Taa zikiwa zinawaka, ncha moja ya mita iwekwe juu ya nguzo ya betri na nyingine juu ya kishikio kilichoibana nguzo hiyo hiyo. Mita inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikisoma nusu volti, kosa limepatikana bila kufungua kitu. Mvuvi aendelee hivyo hivyo kwenye fyuzi, swichi na kila kiungo, upande wa chanya na wa hasi pia. Upande wa hasi husahauliwa sana, ingawa umeme hupita humo kwa kiasi kile kile.

Kiungo kibovu kikipatikana, waya hasi ufunguliwe kwanza na urudishwe mwisho, tena baada ya mvuke wa petroli kupeperuka chini ya boti. Cheche moja yaweza kuteketeza chombo na watu wake. Waya ulioliwa ukatwe hadi kwenye shaba inayong'aa, ubanwe upya na kupakwa grisi. Kuuzungushia utepe juu ya kutu ni kuifungia chumvi ndani. Nyaya ngumu za nyumbani, zenye uzi mmoja mnene, hazifai katika boti kwa sababu mtikisiko wa mashine huzivunja ndani ya ganda, mahali ambapo jicho halifiki.

Fyuzi nayo ina heshima yake. Ikiungua kuna sababu, na msumari au karatasi ya sigara mahali pake huufanya waya wenyewe kuwa fyuzi, kandokando ya dumu la petroli.

Boti nyingi hazina redio. Hata hivyo taa ya kuvulia dagaa inayofifia kila mashine inapotikisika, au chombo cha kutafutia samaki kinachojizima stata inapovutwa, vinastahili msako ule ule. Na penye redio, jaribio la kweli ni la kusema: nahodha amwite mwenzake aliye karibu kwenye chaneli ya kazi, ajibiwe, ndipo aondoke. Chaneli ya 16 iachwe kwa miito na dharura. Simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji ni akiba nzuri, lakini humfikia mtu mmoja tu, tena penye mtandao. Mwito wa redio husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyofunguliwa kwenye chaneli hiyo.

Mita si kitu cha kila boti kununua. BMU ya kila mwalo ingeweza kuwa na moja, ikatunzwa ofisini pakavu pamoja na daftari, ili nahodha aandike volti za betri yake kabla ya safari na baada ya kurudi. Betri inayoshuka wiki hadi wiki ingeonekana katika daftari hilo ikiwa boti bado iko mchangani.