Fedha za Serikali ya Marekani na Utafiti wa Vifaa Vinavyooteshwa kwa Matumizi ya Ulinzi na Anga

Vifaa vinavyooteshwa, yaani vile vinavyoundwa na bakteria au kuvu badala ya kuchomwa tanuruni, vimepata mfadhili wake mkubwa katika bajeti ya ulinzi ya Marekani. Mwaka 2016, DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ulioanzishwa mwaka 1958, ulitangaza programu ya vifaa hai vya ujenzi. Msukumo wake mkubwa ulikuwa uchukuzi, kwa kuwa saruji na matofali ni mzigo mzito kuufikisha kambi za mbali, ilhali bakteria hubebwa wachache, wakazaliana na kutumia mchanga uliopo hukohuko.

Matunda ya fedha hizo yalionekana Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ambako kundi la Wil Srubar lilichanganya mchanga, jelatini na sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Bakteria hao hutoa kalisi kaboneti, madini yaleyale yaliyomo katika makombe ya baharini, na madini hayo huimarisha mchanganyiko. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, tofali moja lilikatwa vipande, likaongezewa mchanga na virutubisho, na baada ya vizazi vitatu yakapatikana matofali manane. Hata hivyo, tofali hupata nguvu zaidi linapokauka, na ukavu huohuo ndio unaowaua bakteria, kwa hiyo mjenzi hulazimika kuchagua kati ya uimara na uhai. Hilo ndilo swali zito la fani nzima, nalo halitatuliwi kwa mkataba wa miaka michache.

NASA nayo, kupitia programu yake ya dhana bunifu, imegharimia kwa awamu kazi ya Lynn Rothschild wa kituo cha Ames, California, anayetafiti makazi ya anga yatakayooteshwa kwa miselia, yaani mtandao wa nyuzi za kuvu. Kuvu husafirishwa wakiwa wamelala ndani ya kiunzi chepesi kilichokunjwa, kisha huamshwa kwa maji wafikapo. Awamu ya tatu, iliyotangazwa mwaka 2024, ilitengewa dola milioni 2. Utaratibu huu wa awamu unastahili sifa, kwani wazo changa hupimwa kwa fedha kidogo kabla ya kupewa nyingi.

Udhaifu uko kati ya maabara na kiwanda. Wizara ya Ulinzi ilianzisha taasisi ya BioMADE mwaka 2020 kwa dola milioni 87, na mwaka 2022 ikaahidi dola bilioni 1 kwa miaka mitano kujenga uwezo wa uzalishaji wa kibiolojia nchini mwake. Hatua hizo ni sahihi, lakini mfadhili wa kijeshi kwanza hupima kasi na wepesi wa kusafirisha, wakati nyumba ya raia yahitaji kudumu miongo mingi. Majaribio ya muda mrefu ya uimara wa vifaa hivi yanapaswa kugharimiwa na wizara za nyumba na ujenzi, na matokeo yake kuchapishwa wazi.