Ni Nani Aliyemwuliza Binti?



Kule Marekani, katika jimbo la Ohio, uko mji mdogo uitwao Steubenville. Watu wake ni kama elfu 18. Zamani uliishi kwa viwanda vya chuma. Viwanda vilipofifia, fahari iliyobaki ni timu ya vijana wa shule ya sekondari, Big Red. Hucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Uwanja wao huchukua watu kama elfu 10, na ipo sanamu ya farasi ambayo hutema moto timu ipatapo alama. Tusiwacheke. Hata sisi wengine hutazama saa mahubiri yakiukaribia wakati wa mpira.

Usiku mmoja wa Agosti 2012 vijana walifanya karamu. Binti wa miaka 16 alilewa hata asijitambue. Wachezaji wawili wa timu ile wakamnajisi. Wenzao waliona. Baadhi yao walipiga picha, wakacheka, wakapelekeana kwa simu.

Ndipo mji ukagawanyika. Wengine waliuliza binti alikwenda huko kutafuta nini, wakahuzunikia vijana na jina la timu. Wengine walisimama nje ya mahakama wakidai haki. Jumapili, tarehe 17 Machi 2013, jaji aliwaona wote wawili kuwa na hatia. Mmoja alipewa kifungo cha watoto kisichopungua mwaka 1, mwenzake kisichopungua miaka 2. Walilia, wakaomba msamaha. Na siku hiyo hiyo wako watangazaji waliosikitikia zaidi maisha ya vijana hao kuliko ya binti. Baadaye mwaka huo watu wazima kadhaa wa shule za mji nao walishtakiwa.

Ndugu zangu, someni 2 Samweli, sura ya 13. Amnoni alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mfalme. Alimtendea Tamari, dada yake, jambo hili hili. Daudi alisikia, akakasirika sana; lakini hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alikwenda kumwona Tamari. Absalomu naye alimwambia dada yake anyamaze. Nyumba ile ilikaa kimya miaka 2, kisha ikamwaga damu. Mimi naona hasira ya Daudi haikumfaa Tamari hata kidogo. Laiti angaliufikia mlango wake!

Wewe mzazi, nawe mzee wa kanisa: yule kijana wako hodari, afungaye mabao au aongozaye kwaya, akiletwa kwako kwa neno kama hili, utamwendea nani kwanza?

Sasa tuinamishe vichwa. Tutawaombea na vijana wale wawili, lakini tuanze na binti, ambaye Mungu amjua jina lake.