Mstari Ulionyooka Ubavuni mwa Kigari

Ndugu wanakisomo, leo hatutasema habari za mbolea wala za hesabu za duka. Tutazungumza juu ya vigari vya mbao ambavyo kikundi chetu huchonga na kuuza. Hasa tutazungumza juu ya mstari, pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe ubavuni mwa gari.

Msicheke. Mstari huo umekwisha kutula fedha. Mnakumbuka tulichonga mabasi 20 kwa ajili ya watoto wa shule ya awali. Mbao zilikuwa laini na magurudumu yalizunguka vizuri. Siku ya mwisho tukawa na haraka. Tulibandika tepu ya karatasi juu ya rangi nyeupe iliyopakwa asubuhi ile ile, tukapaka buluu nzito, tukaenda kulala. Kesho yake tulipobandua tepu, mahali pengine nyeupe ilitoka pamoja nayo. Mahali pengine buluu ilikuwa imepenya chini, ikafanya meno kama ya msumeno. Mnunuzi alitazama, akachukua 6 tu. Yaliyobaki 14 tukarudi nayo. Kosa si la kikundi. Ni sisi walimu tuliosema, "Aa, itakauka tu."

Basi, tepu hii ilitengenezwa kwa shida kama hiyo hiyo. Huko Marekani, baada ya mwaka 1920, watu walipenda sana magari ya rangi mbili. Mafundi walifunika upande mmoja kwa karatasi zilizobandikwa kwa gundi, na wakizibandua, rangi inatoka nazo. Kijana mmoja, Richard Drew, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza msasa, ile inayoitwa leo 3M. Alipopeleka msasa kujaribiwa kwenye gereji, aliwakuta mafundi wamekasirika. Mwaka 1925 akawaletea tepu ya karatasi yenye gundi isiyoshika mno.

Sasa tuanze kazi. Piga msasa mpaka mbao iwe laini kabisa, maana kila mfereji mdogo wa mbao ni njia ya rangi kupita chini ya tepu. Futa vumbi. Paka kwanza rangi hafifu, yaani nyeupe, kwa sababu buluu hufunika nyeupe upesi kuliko nyeupe kufunika buluu. Rangi za makopo ya zamani yasiyo na maandishi tusizitumie. Nyingine zina madini ya risasi, na mtoto hutia kigari mdomoni. Madini hayo hudhuru ubongo wake.

Ngojeni siku nzima na usiku wake, na wakati wa masika siku mbili. Jaribu kwa ukucha chini ya gari pasipoonekana. Ukucha ukiacha alama, bado.

Tepu ikitoka dukani, kingo zake zimeshika vumbi na kuchubuka. Ibandike kwanza juu ya kioo, weka rula, kata ukingo mpya kwa wembe. Hapo gundi nayo inapungua ukali kidogo, haitang'oa rangi ya chini. Pembeni penye mviringo, kama juu ya gurudumu, kata tepu nyembamba kama njiti ya kiberiti. Nyembamba hupinda, pana hujikunja. Halafu funika sehemu iliyobaki kwa gazeti. (Lakini siyo gazeti hili kabla hujalisoma!) Kandamiza ukingo kwa ukucha toka mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Kabla ya buluu, paka tena nyeupe kidogo, nyepesi, juu ya ukingo wa tepu. Mama mmoja aliuliza, "Mwalimu, nyeupe juu ya nyeupe ni kazi gani hiyo?" Ni swali zuri. Mama, rangi ni kama mvua juu ya paa, hutafuta tundu. Ikiwepo nafasi chini ya tepu, nyeupe itaingia kwanza na kuiziba. Ikiingia haionekani, maana chini nako ni nyeupe. Ikikauka, buluu haina tena pa kupita.

Buluu ipakwe nyembamba mara mbili au tatu, siyo nzito mara moja, na kila mpako uachwe ukauke kabla ya ule unaofuata. Brashi ianzie juu ya tepu kwenda kwenye mbao. Ukisukuma kutoka kwenye mbao kwenda kwenye tepu, unaipeleka rangi chini kwa mkono wako mwenyewe.

Tepu ibanduliwe mpako wa mwisho ukiwa haujakauka sana. Ikunje kinyumenyume juu yake yenyewe, uivute polepole kuelekea upande ule iliokuwa ikiufunika. Kama umechelewa na rangi imekauka, pitisha wembe taratibu kwenye mstari kwanza, la sivyo rangi itachanika vipande.

Kitone kikipenya, usikifute kwa kidole. Ngoja rangi ikauke, chonga njiti iwe kama patasi ndogo, ukikwangue.

Yale mabasi 14 yako stoo, tumekwisha kuyapiga msasa upya. Jumamosi tunaanza nyeupe. Mwenye kipande cha kioo nyumbani aje nacho, na kingo zake azisugue kwanza kwenye jiwe asije akakatika.