Harufu ya Bangi Haitokani na Ukali Wake

Kwa miaka mingi wazalishaji wa mbegu za bangi huko California wameshindania THC, kemikali inayolevya. Lakini kemikali hiyo haina harufu. Manukato hutoka kwa terpini: limonini ya ganda la chungwa, pinini ya msonobari, na karyofilini iliyomo pia katika karafuu na pilipili manga. Mwaka 2021 wanakemia walionyesha kwamba ile harufu kali, inayofananishwa na ya kicheche, hutokana na viambato vya salfa. Ni vichache mno, ila pua huvinasa upesi.

Na harufu hairithiwi kwa jeni moja. Wazazi wawili wakinukia vizuri, watoto hutoka kila mmoja na harufu yake. Mzalishaji hunusa mimea tele, akabakiza michache na kuizidisha kwa vipandikizi. Kazi hiyo hutegemea mbegu za asili; zile za Afghanistan, Mexico na Colombia ndizo zilizozaa aina ya bangi iitwayo Skunk No. 1 katika miaka ya 1970. Zikichanganywa ovyo hadi zikapotea, hakuna wa kuzirudisha. Soko linalolipa kwa asilimia ya THC peke yake linaupoteza urithi huo. Wazalishaji wazihifadhi mbegu za asili sasa, zingali zipo.