BUNDUKI NDANI YA GARI LENYE WATOTO

(Haya ni mazungumzo ya mzee mmoja mwindaji wa huku Tabora. Aliyatoa mbele ya wanakisomo na majirani, chini ya mwembe wa shule. Tumeyaandika kama alivyosema, ila tumepunguza marudio.)



Mwalimu wenu ameniomba niseme habari za bunduki. Nilimwambia, mwalimu, habari za kuwinda ninaweza kuzisema usiku kucha na watu watacheka sana. Lakini leo sitaki kuchekesha. Nataka kusema jambo moja tu: bunduki ya kuwindia isafiri vipi ndani ya gari ambalo mna mama na watoto.

Naona wengine mnatazamana. Mnasema moyoni, kijiji hiki kina magari mangapi? Wenye leseni ya silaha ni wangapi? Kweli, ni wachache. Lakini hebu nikuulize wewe unayecheka pale nyuma. Ulipopewa lifti kwenda mnadani, ulijua nyuma ya kile kiti ulichokalia kulikuwa na nini? Uliuliza? Basi, tulia tusikilizane.

Ilikuwa mwaka 1989, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu ya kununulia mahindi na karanga. Nilikuwa na raifo yangu, nina leseni yake, na nina kibali cha kuwinda swala mmoja. Siku hiyo nilimpeleka mama watoto na binti yetu wa miaka sita kwenye shamba letu la mbali. Wao wakasafisha shamba, mimi nikaingia porini. Sikupata kitu. Saa kumi jioni mawingu ya mvua ya kwanza yakajikusanya, nikarudi mbio.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu.

Raifo yangu ina magazini inayochukua risasi nne. Chini yake kuna kifuniko. Ukikifungua, risasi zinadondoka kiganjani. Nikakifungua kando ya gari. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikasema, nne zote hizi hapa, bunduki ni tupu. Nikarudisha kifuniko. Bolti sikuivuta. Bolti ni kile chuma chenye mkono, ambacho ukikisukuma mbele kinaingiza risasi kwenye mtutu. Na kifungo cha usalama, askari wanakiita sefti, sikukifunga. Nikifunge cha nini, na bunduki ni tupu?

Lakini asubuhi nilikuwa nimejaza magazini risasi nne, nikasukuma moja kwenye chemba, kisha nikaongeza nyingine kwenye magazini ili irudi kuwa nne. Kwa hiyo zilikuwa tano. Jioni nilizitoa nne. Ya tano ilibaki kwenye chemba, yaani kile chumba kidogo mwanzo wa mtutu, ambamo risasi hukaa ikingoja kupigwa. Daftari la mahindi nilikuwa nalo. Kila gunia niliandika. Risasi nilihesabu kwa kichwa.

Bunduki nikaisimamisha ndani ya gari, kitako chini, mtutu juu. Mimi naendesha, mtoto katikati, mama yake kwenye mlango wa kushoto. Bunduki ikasimama kati ya mtoto na mama yake. Tukaenda kama mwendo wa nusu saa. Mtoto akasema, mama, nina kiu. Mama yake akainama, akavuta kikapu kilichokuwa miguuni ili atoe maji. Mkono wa kikapu ulikuwa umenasa kwenye triga.

Ndugu zangu, mlio wa raifo porini mnaujua. Ndani ya gari lililofungwa vioo ni kitu kingine kabisa. Sikusikia mlio. Niliona moto, kisha nikasikia kama nyuki kichwani. Risasi ilitoboa paa ikaenda zake. Namshukuru Mungu kwamba ilikwenda juu. Lakini mtutu ulikuwa karibu na sikio la kushoto la mtoto, karibu hivi. (Alionyesha kwa kiganja.)

Mimi na mama yake masikio yalipiga kelele siku kadhaa, yakapona. La mtoto halikupona. Daktari alitueleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno, macho hayavioni, navyo ndivyo vinavyopokea sauti. Mlio mkubwa ukiviua havioti tena. Siyo kama unywele wa kichwani. Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Ukimwita kutoka kushoto, haitiki.

Hiyo ndiyo habari yangu. Sasa niwaambie ninavyofanya tangu siku ile. Nimeleta raifo yenyewe. Msiogope. Mwalimu ameitazama, na mwenyekiti ameitazama, na nyinyi mtaitazama mmoja mmoja.

Kwanza, bunduki inatolewa risasi nje ya gari, na watu wakiwa nje. Mtutu unauelekeza chini, kwenye udongo laini, usielekee mtu wala mwamba. Kidole kiko mbali na triga. Unatoa za magazini, kisha unavuta bolti hadi mwisho, na iliyo kwenye chemba inaruka nje. Unatazama ndani kwa jicho. Halafu unaingiza kidole kidogo kwenye chemba. Kwa nini kidole? Kwa sababu jioni giza hudanganya, na jicho la mtu aliyechoka huona anachotaka kuona. Kidole kikikuta shimo tupu, ni tupu.

Ukishapapasa, toa bolti yote. Bunduki nyingi za kuwindia za aina hii bolti yake inatoka kwa mkono, bila spana. Iko hii hapa. Naitia mfukoni mwangu. Bunduki hii sasa ni kama bomba lililotiwa mti. Hata mtoto akivuta triga tangu asubuhi mpaka jua lizame, haitalia. Wengine wananiambia, mzee, sefti si inatosha? Haitoshi. Sefti ni chuma kidogo, kinachakaa, kinaingia vumbi, na mtoto anaweza kukisukuma kwa kidole. Kwenye shotgani ya kuvunja katikati hakuna bolti kama hii. Hiyo unaivunja, unatoa risasi, unatazama mitutu yote miwili, na kama inatenguka, unaitengua vipande unaifunga ikiwa imetenguliwa.

Usiisimamishe kamwe. Bunduki iliyosimama garini itaanguka tu, barabara zetu mnazijua. Kila korongo ni kofi. Ilaze. Mimi naitia kwenye mfuko mnene wa turubai niliouwekea sponji ndani, naulaza nyuma ya kiti, mtutu ukielekea ubavuni kusikokaa mtu. Halafu naufunga kwa mipira ya tairi la ndani, ile mnayofungia mizigo kwenye baiskeli. Mpira ni mzuri kuliko kamba, maana kamba inalegea gari likiruka, mpira unabana. Mwenye gari dogo atumie buti, lakini asiiweke chini ya magunia, itapinda shabaha. Na asimweke mtu nyuma ya pikapu akaikalia kama benchi. Nimeyaona hayo.

Kuifunga isitikisike ni jambo moja. Kuifunga isichukuliwe ni jingine. Mimi nina waya wa chuma wa kusokota, mnene kama kidole kidogo. Naupitisha kwenye ile nafasi niliyotoa bolti, unatokea chini kwenye magazini, naufunga kwa kufuli kwenye chuma cha kiti kilichoshikwa na sakafu ya gari. Uzuri wake ni huu: waya ukiwa umepita pale, hata mtu akija na bolti yake, haiingii. Ufunguo uko shingoni mwangu, pamoja na wa nyumba.

Risasi zinakaa mbali na bunduki. Mimi nina kopo la bati lenye kufuli, nalifunga upande mwingine wa gari. Usizimwage mbele ya kioo, juani. Jua halitazilipua papo hapo, lakini joto likirudiarudia huharibu baruti, na risasi iliyoharibika huwezi kuitegemea. Tena mtoto akiona kitu kinachong'aa mbele ya kioo atakichukua. Kwenye kifuniko cha kopo nimegundisha karatasi. Naandika: nimetoka na ngapi, nimepiga ngapi, nimerudi na ngapi. Hesabu ya kutoa, ile ile mliyofundishwa hapa. Kama siku ile ningekuwa na karatasi yenye tano, nne zingeniambia mimi ni mwongo.

Kuna kijana aliwahi kunibishia. Akasema, mzee, bunduki bila risasi garini ina faida gani, mnyama akikatiza barabara? Nilimwambia, mjukuu wangu, huyo mnyama siyo wako. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa gari. Kwa hiyo kazi ya bunduki yenye risasi ndani ya gari ni ipi? Hakuna. Ni kuua abiria tu. Na bati la mlango wa gari haliwezi kuizuia risasi ya raifo. Inatoboa, inaendelea, na ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Kijiji cha jirani, ndugu zangu.

Gari likisimama, je? Hapo watu wengi wanajisahau. Unafika senta, unashuka kunywa chai, bunduki umeiacha. Unasema, nimefunga mlango. Kufuli ya gari ni ya gari. Mwizi anapiga kioo kwa jiwe, hesabu mpaka tatu, amekwisha. Ule waya utamchelewesha, hautamzuia usiku kucha. Kwa hiyo mimi nikila, nakula nikiliona gari. Nikilala safarini, bunduki hailali garini. Nauliza kituo cha polisi kama watanihifadhia. Ikiibiwa au ikipotea, toa taarifa polisi bila kuchelewa, hata kama unaona aibu.

Na leseni ni ya mtu, siyo ya nyumba. Tunayo sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Usimpe mwanao asiye na leseni akupelekee bunduki kwa gari kwa sababu wewe mgongo unakuuma. Askari akikusimamisha njiani, mikono iwe kwenye usukani, mwambie kwa mdomo: afande, nina bunduki, haina risasi, iko nyuma ya kiti, hati ni hizi hapa. Hati ziwe mbele, mfukoni mwako. Ukiziweka kwenye mfuko wa bunduki, itabidi uguse bunduki mbele ya askari, naye hakujui.

Wa pikipiki nao nawaona. Mambo ni yale yale: toa risasi, toa bolti, tia mfukoni. Kubeba raifo yenye risasi mgongoni huku umempakia mke wako nyuma, mtutu uko kwenye kidevu chake. Sina la kuongeza.

(Hapa wasikilizaji waliuliza maswali. Mama mmoja mwanakisomo alisema: "Babu, mimi sina bunduki. Mwenye bunduki ni mume wangu, na mwenye gari ni shemeji yangu. Nikiwauliza wataniambia mambo ya bunduki hayanihusu. Nifanye nini?")

Mama, swali lako ndilo lililonileta hapa. Siku ile mke wangu aliniuliza. Alisema, baba fulani, hii bunduki umeitoa risasi? Nami nilimjibu kwa hasira, kwa sababu ya mvua, nikamwambia panda gari. Akapanda.

Sasa nakufundisha. Usiulize kama imetolewa risasi. Ukiuliza hivyo, mwanamume atajibu ndiyo, na pengine anaamini kweli, kama nilivyoamini mimi. Sema: naomba nione bolti. Ni kitu cha kushikwa mkononi. Kama iko mfukoni mwake, ataitoa. Kama haiko mfukoni mwake, ujue iko ndani ya bunduki, na wewe na watoto mbaki chini mpaka itolewe. Ikiwa ni shotgani, aifunguliwe mbele yako, uone mwanga kupitia mitutu. Shemeji yako akikasirika, mwambie umefundishwa na mimi, aje kunigombeza mimi. Nyumba yangu anaijua.

Binti yangu akija kututembelea, mara nyingine namchukua kwa gari kutoka stendi. Bunduki iwemo isiwemo, kabla hajapanda ananyosha mkono. Hasemi kitu. Kama nina safari ya porini namwekea bolti kiganjani, anaishika njia nzima, ananirudishia nyumbani. Halafu anakaa kwenye kiti cha kushoto, sikio lake zima likielekea kwangu, tunaongea.

Haya, anayetaka kuingiza kidole kwenye chemba asogee. Akina mama kwanza.