Mchoraji Naye Ana Kodi ya Nyumba

(Maneno niliyosema kwenye mafunzo yetu ya vijana Jumamosi. Wengi mliomba niyaweke hapa. Nimeyanyoosha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.)



Katibu amenipa dakika ishirini niongelee "sheria na kijana". Najua alitegemea niongelee dhamana, polisi, na nini ufanye ukikamatwa. Hiyo tutaongea siku nyingine, na mnaihitaji. Leo naomba niongelee fulana.

Angalieni safu ya mbele. Nahesabu watu saba wamevaa ile fulana yetu, yenye mama amebeba ndoo kichwani na mkono mmoja umenyanyua karatasi ya kura. Nzuri sana. Hata mimi ninayo nyumbani. Sasa swali: nani alichora ile picha?

Kimya. Mnaona? Tunajua nani alichapa, tunajua nani alikusanya hela, tunajua hadi bodaboda aliyeleta mzigo. Aliyechora hatumjui.

Mimi nimemtafuta. Ni kaka mmoja wa hapa hapa kwetu, anachora mabango ya saluni na ya mama lishe, na usiku anachora kazi zake mwenyewe. Ile picha aliichora kwa mapenzi yake, akaiweka kwenye grupu letu la WhatsApp. Sisi tukaipakua, tukapeleka kwa mchapaji, tukauza fulana 120 kwa shilingi 15,000. Yeye alipata nini? Alipata "kazi nzuri kamanda" na vidole gumba kumi na nane. Nilivyomuuliza kwa nini hakulalamika, akacheka, akaniambia: "Mdogo wangu, mimi ni kamanda. Ila mwenye nyumba wangu sio kamanda."

Nimekaa na hilo neno wiki nzima.

Sasa tuje kwenye sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Mchoro umo ndani yake, sawa kabisa na wimbo na kitabu. Haki hiyo inazaliwa pale pale mchoro unapochorwa, huhitaji kwanza upate cheti. Inadumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kuna jambo moja watu wengi hawalijui: kuwa na picha sio sawa na kuwa na haki ya kuizalisha. Ukinunua picha ukaining'iniza sebuleni, ni yako. Ukiichapa kwenye kalenda, kwenye kikombe au kwenye fulana, hapo umeingia kwenye haki ya mwingine. Na sisi picha yenyewe hata hatukuinunua.

Kwa hiyo, makamanda, kwa lugha ya darasani, tumekiuka hakimiliki. Kwa lugha ya mtaani mnajua wenyewe inaitwaje.

Mtu atasema, "Si angeenda mahakamani?" Aende na nini? Wakili anataka hela, kesi inataka muda, na yeye kesho ana bango la saluni. Haki ya mtu mmoja mmoja, mwenye njaa, ni haki ya kwenye karatasi. Ndiyo maana wafanyakazi wakaunda vyama vyao, na ndiyo maana wakulima wana ushirika. Mchoraji naye anahitaji chama cha taifa chenye meno. Hili ndilo nililokuja kulisema leo.

Niwape mfano. Sio wa kwetu, lakini una mafunzo.

Mwaka 1967 Kanada ilikuwa inasherehekea miaka 100. Jumba lao la sanaa la taifa likaandaa maonyesho makubwa, likawaandikia wachoraji barua kwamba picha zao zitatengenezewa nakala. Malipo? Hakuna. Kulikuwa na mchoraji anaitwa Jack Chambers, anaishi mji unaoitwa London. Sio ile ya Uingereza, hii ni ya Kanada, mkoa wa Ontario. Chambers akakataa, akaanza kuwaandikia wachoraji wenzake. Mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha chama, CARFAC. Wakatengeneza orodha ya viwango: ukitaka kuonyesha kazi ya mchoraji, lipa kiasi hiki. Ukitaka kuchapa nakala, kiasi hiki. Na maonyesho yasiyolipa, wakawaambia wenzao wasipeleke kazi.

Watu waliwaona wehu. "Si tunawatangaza bure? Mnataka nini tena?" Hayo maneno mnayasikia hata hapa, sio? Lakini mwaka 1975 Kanada ikawa nchi ya kwanza kuwalipa wachoraji kwa kazi zao kuonyeshwa tu. Mwaka 1988 haki ya kulipwa kwa maonyesho ikaingia kwenye sheria yao ya hakimiliki. Mwaka 1992 ikatungwa sheria inayowaruhusu wasanii waliojiajiri kujadiliana kwa pamoja na taasisi za serikali kuu, kama chama cha wafanyakazi kinavyojadiliana na mwajiri.

Chambers mwenyewe alifariki 1978 kwa saratani ya damu, mengine hakuyaona. Ila chama kilibaki. Mwaka 2014 chama hicho, pamoja na wenzao wa Quebec, walisimama Mahakama ya Juu ya Kanada dhidi ya Jumba lile lile la sanaa la taifa. Jumba lilikuwa linabisha kwamba chama hakina mamlaka ya kujadili viwango vya chini vya malipo kwa kazi ambazo tayari zimeshachorwa. Mahakama ikasema kinayo. Kutoka 1968 hadi 2014 ni miaka 46. Mtu mmoja angeshazeeka na kuzikwa. Chama hakizeeki, mradi watu waendelee kuingia.

Sasa turudi nyumbani. Sisi sio kwamba hatuna historia. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za kawaida, zile za dukani, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, waliomdhania mhalifu. Nimewaambia leo siongelei polisi, lakini mnaona wenyewe.

Alipokufa, ndugu na wanafunzi wake hawakutawanyika. Walijikusanya wakaendelea kuchora na kuuza pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mimi ninawaheshimu sana wale wazee. Bila wao, jina Tingatinga lingekufa na mtu wake. Lakini angalieni na upande wa pili. Sheria ya hakimiliki inalinda mchoro, hailindi mtindo. Chui wa fulani ni mali yake, ila namna ya kuchora chui kwa Tingatinga haina mwenyewe. Na Tingatinga kafa 1972, kwa hesabu ya miaka 50, hata kinga ya kazi zake mwenyewe ingeishia 2022. Ushirika wa kuuza umewasaidia wengi kula. Ila kudai viwango, kupeleka kesi, kukaa mezani na wizara, hiyo ni kazi ya chama cha taifa.

Na nisiwadanganye kwamba hakuna kitu kabisa. Lipo Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984. Yapo mashirikisho ya sanaa, na la sanaa za ufundi ni mojawapo. Lakini Baraza ni chombo cha serikali. Anayekupa kibali hawezi kuwa ndiye anayekutetea mbele ya anayetoa kibali. Na sheria yetu ya ajira ya 2004, inayotoa haki ya majadiliano ya pamoja, imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Fundi wetu wa mabango hana mwajiri. Ana wateja. Huyo anaangukia wapi?

Kuna jambo zito zaidi ya hela. Julai 2024, mchoraji kijana wa Rungwe, miaka 24, alihukumiwa miaka miwili jela au faini milioni tano, kwa video ya kuchoma picha ya Rais. Watu wa mitandaoni walichanga, faini ikalipwa, akatoka. Agosti mwaka huo huo akachukuliwa na watu wasiojulikana. Unaweza usipende alichofanya. Mimi naongelea Ibara ya 18 ya Katiba, uhuru wa maoni, na Ibara ya 20, uhuru wa kujumuika. Ibara hizi mbili zinategemeana. Ukisema peke yako, ni rahisi kukunyamazisha. Siku kama ile mchoraji hatakiwi kutegemea huruma ya watu asiowajua. Anatakiwa awe na chama chenye wakili, chenye namba ya simu inayopokelewa usiku.

Na nisisitize: chama hicho kisiwe tawi la CCM, na kisiwe tawi letu pia. Msiguneguna! Tukikifanya chetu, siku tukiingia Ikulu nani atatubana sisi? Fulana imeshaonyesha kwamba na sisi tunahitaji kubanwa.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu. Kwanza, kwenye mapendekezo yetu ya ilani tuandike kwamba taasisi ya umma ikitumia kazi ya mchoraji, iwe ukutani au kwenye kitabu cha shule, ilipe, na kwamba wasanii waliojiajiri wapewe kisheria haki ya kujadiliana kwa pamoja. Pili, wachoraji mliomo humu, saini kazi zenu, hifadhini picha za awali zenye tarehe, na makubaliano yawe kwa maandishi hata kama ni ya kamanda mwenzako. Kisha tafutaneni, ingieni kwenye vyama vilivyopo mkavitie meno. Vikikataa meno, anzisheni chenu. Mimi na wenzangu wa kitivo tutawasaidia kusoma mikataba bure.

Tatu, deni. Fulana 120, gharama ya kila moja tuliambiwa ilikuwa 9,000. Ikabaki 6,000 kwa kila moja. Jumla 720,000. Sijui haki ya mchoraji humo ni kiasi gani, na sio mimi wa kupanga. Tumwite, tukae naye, tukubaliane, tuandike, tulipe. Na fulana zijazo jina lake liwepo chini ya picha.

Naona mtu huko nyuma ameshavua kofia anataka tuizungushe. Asante kamanda, ila rudisha kichwani. Kofia ni sadaka. Hili ni deni, na linalipwa kutoka kwenye hela ya fulana. Katibu, naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Nguvu ya umma ianzie hapa hapa, kwa mtu tunayemdai kura na yeye anatudai jasho lake.